Hati ya Bibi Trude Kuwa Hai

Jumamosi ile nilikaa jikoni kwangu Bordesley Green hadi saa nne na nusu usiku, simu mezani, nikingoja Walter anipigie. Walter ni mwenyekiti wa sinagogi, na hadi Sabato iishe, giza likishaingia, hagusi simu. Kiangazi huku ughaibuni giza huchelewa kuingia, nami nilikuwa nimeharibu.

Kila mwaka Bibi Trude, ninayemhudumia, hutakiwa kuthibitisha kwamba yu hai, la sivyo hukatiwa fidia ya utoto wake katika kambi walimofungiwa Wayahudi wakati wa vita. Ana miaka tisini na mmoja. Waliomfungia kule hawakumdai hati yoyote. Ofisi ya fidia ilipouliza kama afisa aje nyumbani Jumamosi, nilikubali haraka. Kwangu Jumamosi ni siku ya kufua tu, na nilikuwa na wiki tatu kwenye kazi ile. Afisa akaja, akamnyooshea kalamu. Nikamsihi Bibi atie sahihi, ni jina tu. Akakunja mikono.

"Kesho," akasema. Siku ya Sabato haandiki.

Afisa akajaza "amekataa", akaenda zake. Mwisho wa kupokea hati ulikuwa Jumatatu.

Walter alipopiga, niliomba msamaha hata kabla ya salamu. Akanikatiza.

"Usiombe msamaha, Annonciata. Kalenda yetu ya Sabato ofisini wanayo. Niliwapelekea mwenyewe, mara mbili."

Mzee huyu alikuwa fundi wa miwani. Miaka ishirini sasa anazunguka na mkoba wa fomu za wazee kumi na tisa walionusurika. Wamebaki wanne. Wengine wamezikwa, na barua za kuwataka maelezo zaidi bado zinaingia.

Jumatatu tulimsukuma Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ofisini, katikati ya mji. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Sauti ikatoka kwenye kispika kwamba bila miadi haiwezekani.

"Unamwona kwenye kamera?" Walter akauliza.

"Namwona."

"Yu hai?"

Sauti ikajibu kwamba hilo si lake kuamua.

Nilipandwa na hasira. Mimi nami, nilipofika nchi hii, niliulizwa hati za nyumba iliyoungua na hati zake ndani. Walter hakupandisha sauti. Alikisogeza kiti hadi kizingitini, akafunga breki, akampa Bibi kipande cha keki. Tukakaa. Saa sita wafanyakazi walitaka kutoka wakale, wakakuta njia imezibwa. Afisa wa Jumamosi akagonga kioo kwa ndani, akatuashiria tusogee.

Bibi Trude alipangusa vidole, akamwonyesha kalamu.

Mlango ukafunguka, kiasi cha kupitisha fomu ya kutia sahihi.