Ncha ya Sindano

Wifi yangu ni mwoga. Nalisema hili mbele yake na mbele ya kaka yangu aliyemuoa, naye hakatai. Anaogopa mbwa aliyefungwa, anaogopa ngazi, anaogopa simu ikilia alfajiri. Siku ya kwanza alipokalia cherehani ya umeme pale kiwandani, baada ya miaka ya kushonea majirani kwa cherehani ya miguu, aligusa pedali kidogo tu na mashine ikachomoka na kitambaa. Alinyanyua mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Woga huohuo ulimfanya awe mshonaji bora wa ukingo kuliko sisi sote. Tunashona mablanketi ya watoto wachanga, na kila blanketi huzungushiwa utepe laini pembeni. Mbele ya sindano kimefungwa kikunjio, kibati kilichopinda kama pembe. Utepe unaingia ukiwa bapa, unatoka umekunjwa na kuukumbatia ukingo wa blanketi, na sindano inashona papo hapo. Ukitazama kwa mbali utasema hata mlevi anaweza. Kalia kiti sasa: ukilegeza mkono, ukingo unaponyoka kwenye utepe, ukivuta, sindano inapinda. Wifi hakulegeza wala hakuvuta. Mimi niko meza ya kukunja, nyuma yake, kwa hiyo kazi yake yote hupitia mikononi mwangu.

Aliyemtisha kuliko mbwa na ngazi ni fundi wa mashine. Sheria inasema sindano ikivunjika unasimama, unamwita fundi, mnatafuta vipande mpaka viungane vyote, ndipo unapewa mpya. Sheria nzuri sana. Ila fundi wetu ana mdomo. Anakuja na spana yake na kuuliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Nani tena anakula sindano?" Basi washonaji wakajitafutia ujanja. Kila mmoja ana sindano ya akiba, kaichomeka kwenye kilemba au kwenye upindo wa aproni. Ikivunjika unabadilisha kimyakimya. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa fundi na msimamizi.

Siku hiyo tulikuwa tunaharakishwa, mzigo unasubiriwa. Asubuhi, kwenye kona ya blanketi, wifi akavuta. Nilisikia tak, nikaona mgongo wake ukikakamaa. Akatazama huku na huku, akachomoa sindano kilembani, akabadilisha, akatia vipande mfukoni na kuendelea kushona. Blanketi lenyewe lilitoka na mishono iliyoruka pale konani, nikalitupa kwenye rundo la mabovu.

Mapumziko ya mchana alinifuata uani, midomo imemkauka. Akafungua kiganja.

"Wifi, hebu viunge wewe. Macho yangu leo siyaamini."

Nikaviunga. Shina lilikuwepo, na kipande cha kati. Ncha haikuwepo.

"Itakuwa imeanguka chini," nikasema.

"Nimepapasa chini mpaka kucha zimejaa vumbi."

Kikunjio hakichagui, kinakunja chochote kilichomo. Kama ncha iliangukia kwenye utepe, basi imeshonewa ndani ya ukingo, na ukingo ndio mtoto anaoupeleka mdomoni.

Nikakimbilia rundo la mabovu. Blanketi la kona mbaya halikuwepo. Msimamizi akaniambia bila kuinua kichwa kwamba amempa mlinzi wa getini, kwa sababu mkewe amejifungua, na dada yake mlinzi aliyemletea chakula ameshalipeleka nyumbani.

"Si kona tu ndiyo mbaya?" akauliza.

"Kona tu," nikajibu, na sauti yangu mwenyewe nikaiona ngeni. Nikaomba ruhusa, nikasema wifi anaumwa. Kwa jinsi alivyoonekana, hakuna aliyebisha.

Pale getini mlinzi alisimama kwa furaha. "Dada zangu, asanteni. Kazi nzuri ile." Nikamwambia tunakwenda kumwona mtoto, akatuelekeza chumba; wifi akaitikia kwa kichwa tu na kupita. Njia nzima alikuwa ameushika mkono wangu na kuuminya. "Akiimeza je?" alikuwa anasema. "Wifi, akiimeza je?"

Chumba chao kilikuwa cha pili kutoka bombani. Mama mtoto alitufungulia mlango akiwa ameweka kidole mdomoni ili tusipige kelele. Mtoto alikuwa amelala kitandani, kafunikwa blanketi letu, na ile kona ameikumbatia kidevuni kwa ngumi yake ndogo.

"Tumekuja kurekebisha kona," nikanong'ona. "Mara moja tu, tunalirudisha."

"Asante, shangazi. Lakini ngojeni aamke. Amelia tangu asubuhi, ndiyo kwanza amepata usingizi."

Nilikuwa natafuta uongo mwingine. Ngumi ya mtoto ikapanda kidogo, kona ikagusa mdomo.

"Kuna ncha ya sindano humo," wifi akasema kwa sauti kavu. "Nimeishona mimi."

Mama mtoto alimnyakua mtoto, naye wifi akabaki na blanketi. Vidole vya washonaji vina sugu, havihisi kitu chembamba, kwa hiyo aliupitisha ukingo katikati ya midomo yake, polepole, huku machozi yakimtiririka. Alipofika konani akashtuka. Tone la damu likamtoka mdomoni. Akauma uzi, akafumua, ncha ikaangukia kiganjani, nyembamba kama mwiba wa samaki.

Mama mtoto alikuwa amemvua mwanawe nguo zote na kumkagua mpaka katikati ya vidole vya miguu. Alikuta mkwaruzo mmoja chini ya kidevu, mwekundu, mfupi. Akaubusu. Kisha akamtazama wifi.

"Baba yake yuko getini. Utamwambia wewe. Mimi simwambii."

Tukarudi. Nilijua miguu ya wifi ingekataa, na nilishajiandaa kusema kwa niaba yake. Mlinzi akatuona kwa mbali, akaanza kutabasamu. "Mmemwona kijana wangu? Kafanana na mimi, eh?"

"Kaka, kaa kwanza," wifi akasema.

Akamwambia yote. Akamwonyesha ncha. Akamwambia kuhusu vilemba na aproni, na jinsi tunavyomkwepa fundi. Nilisubiri atukane, na ningemwelewa.

Mlinzi aliishika ile ncha, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akalitazama geti lake, lile analolifungulia malori ya mzigo.

"Na mablanketi mengine?" akauliza taratibu. "Yale yote niliyoyafungulia?"

Wifi alinitazama mimi. Mapumziko yalikuwa yamekwisha, na ndani wenzetu walikuwa wameanza kushona.