Siku Watoto Walipoogesha Viazi

Siku ile ya viazi, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Hata ukiniamsha katikati ya usingizi nitakusimulia yote, maana mdomo wangu bado una nguvu kuliko miguu. Sogeza kiti, na huyo mtoto wako mshike vizuri asitambae kwenye jiko la makaa. Mvua hii ya Butembo ikishaanza hivi, hakuna mtu anayetoka. Basi tuongee.

Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa kule juu Masereka, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Nilikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Masika, binti yangu, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Wa pili ni Paluku, mdogo wake, wa miaka minne hivi, tumbo mbele, kamasi chini, maneno mengi kuliko umri wake. Wa tatu alikuwa bado mgongoni. Baba yao alikuwa ameshuka Kamango kwa biashara ya kahawa, donc, basi, mimi ndiye nilikuwa mama, baba na ng'ombe wa kulima.

Mwezi wa tatu ulikuwa umeingia. Lile jua dogo la mwanzo wa mwaka lilikuwa limekwisha, na mvua ya kwanza ilikuwa imelainisha udongo. Kwetu Masereka, mvua hiyo ikianguka hakuna anayekaa. Mlimani kote unasikia majembe tu, na wanawake wanaitana kutoka tuta hadi tuta. Ukichelewa kupanda, utakuja kula kwa macho chakula cha wenzako.

Mbegu yangu ya viazi nilikuwa nimeitandaza juu ya majani makavu, kwenye kona ya giza ya jikoni, kama mama yangu alivyonifundisha. Kila jioni nilienda kuichungulia. Ilikuwa imechipua vizuri mno, vichipukizi vifupi, vinene, vya rangi ya zambarau. Nilikuwa naviangalia na kutabasamu peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Mbegu nyingine sikuwa nayo, mwanangu. Chakula cha nyumba nzima kwa msimu ule kilikuwa kimelala kwenye kona ile.

Asubuhi hiyo nilimfunga mtoto mchanga mgongoni, nikawaachia wakubwa wawili viazi vitamu vya kuchemsha, nikamwambia Masika amwangalie mdogo wake. Mama mkwe wangu alikuwa nyumba ya jirani, mlango kwa mlango, hivyo sikuwa na wasiwasi. Nikaenda kumalizia matuta. Nililima mpaka jua likasimama juu ya kichwa. Nikasema moyoni, sasa narudi kuchukua mbegu, na mchana huu huu napanda.

Nilipofika karibu na nyumba nikasikia watoto wanaimba. Nikafurahi, nikajua wametulia. Eh, mtoto akitulia sana, mwanangu, kamtazame! Niliingia uani nikakuta beseni langu kubwa limejaa maji ya matope. Paluku amelowa kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Masika amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, amekunja mikono ya sweta yake kama mimi nikiwa kazini. Mbele yao mbegu yangu yote imepangwa juu ya mkeka, safi, inang'aa, haina hata chipukizi moja. Na pembeni kuna rundo la vile vichipukizi vyangu vya zambarau.

"Mama!" Paluku akapiga kelele kwa furaha. "Tulikutengenezea biazi! Bilikuwa na minyoo, tulitoa yote!"

"Na tulibiogesha," Masika akaongeza, taratibu, kama mtu mzima anayesubiri kushukuriwa.

Unacheka? Cheka tu. Mimi siku hiyo sikucheka. Na kibaya zaidi, Masika hakuwa amebuni. Mimi mwenyewe ndiye nilimfundisha, tukimenya viazi vya kupika, kwamba vile vichipukizi ni vichungu na lazima viondolewe. Ila hilo sikulikumbuka pale. Nilichokumbuka ni njaa. Nikavuta ufito wa mkaratusi uliokuwa umeegemea ukuta, nikamshika Paluku mkono, na yeye alikuwa bado ananichekea. Alidhani tunacheza.

Mkono wangu ulipokuwa juu, mtu akaushika kutoka nyuma. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa mwembamba yule mama, lakini kiganja chake kilikuwa cha mtu aliyelima tangu utoto.

"Acha kwanza, muke wa mutoto wangu," akaniambia. "Uliza, kisha utapiga."

"Niulize nini, mama? Huoni? Wamemaliza mbegu yote! Si ninyi wenyewe mnasema samaki mkunje angali mbichi?"

Hakupandisha sauti. Yule mama alikuwa hapandishi sauti hata kwa mbuzi. Akasema, "Kukunja hapana kuvunja." Kisha akachutama mpaka uso wake ukalingana na wa Paluku. "Mutoto, nani alibatuma hii kazi?"

"Hapana mutu, koko," Paluku akamjibu bibi yake. Sasa midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka, maana ameuona ufito. "Mama iko anachoka."

Mama mkwe akaniangalia. "Unasikia? Hapana mutu alibatuma. Toka bamezaliwa, hii ndiyo kazi ya kwanza banafanya bila kutumwa. Ukibapiga leo, kesho utabatuma mpaka ulimi wako ukauke, na batangojea. Biazi bitaota tena. Na bisipoota, tutachimba mateke na tutakula maboga, hatutakufa. Lakini hawa, ukibakatisha hamu ya kazi, utaipanda mu shamba gani?"

Mwanangu, niliona aibu mbele ya watoto wangu mwenyewe. Niliuweka ufito chini, nikakaa palepale kwenye matope, nikalia. Kumbe uchovu nao ulikuwa mwingi, na baba yao mbali, na kila kitu. Masika akaja akanipangusa machozi kwa mkono wenye udongo, akanichafua uso mzima. Hapo nikaanza kucheka na kulia pamoja. Mama mkwe akasema, "Haya, yametosha. Biazi binalowa."

Akatuamuru sote. Tukaleta majani makavu mapya, tukapangusa viazi kimoja kimoja, tukavipaka majivu kidogo visije vikaoza, tukavirudisha kwenye kona yake. Ndipo nikawaeleza watoto vizuri: cha kupika tunakitoa chipukizi, cha kupanda tunaliacha, kwa sababu hapo ndipo kiazi kinapotokea. Masika aliguna kama hakimu. Paluku akauliza kama kiazi kimeumia. Nikamwambia kidogo, lakini kitapona, kila siku tutakwenda kukipa pole.

Basi ikawa hivyo. Majirani wote walipanda. Mashamba yao yakaanza kutoa majani, na matuta yangu mimi yakabaki meusi kama kichwa kilichonyolewa. Nisikudanganye, nilikuwa na hofu. Kulikuwa na usiku nilikuwa nahesabu midomo ya nyumbani na usingizi unakataa. Wanawake wengine walinitania kisimani, wakaniuliza kama viazi vyangu vimeshaoga leo. Nikawajibu kwamba vinangojea kupakwa mafuta. Ungefanya nini? Lakini kila asubuhi Paluku alikuwa anakwenda kwenye ile kona, anachutama, anasema, "Pole, biazi," kwa sauti ya kanisani, kisha anakuja kula.

Halafu asubuhi moja akaja mbio, mikono juu, anapiga kelele mpaka mama mkwe akatoka kwake na mwiko mkononi.

"Mama! Koko! Minyoo imerudi!"

Yesu Maria! Nilikimbia na mtoto mchanga anacheza mgongoni. Na kweli, vilikuwa vimeota. Vingine vilikuwa vimeoza, ni vichache, lakini vingi vilikuwa vimetoa vichipukizi vipya, na pale palipokuwa na kimoja sasa vilikuwa viwili, vitatu. Mama mkwe alinitazama tu, akarudi kwake kugeuza bugali.

Siku hiyo hiyo tulipanda sote. Mimi nachimba, Masika anatoa kikapuni, Paluku anaweka kwenye shimo, chipukizi juu, kwa uangalifu kama anamlaza mdogo wake. Alikuwa anakiambia kila kiazi, "Lala." Kazi ya mchana mmoja ilichukua siku mbili, na ni siku mbili nilizozipenda kuliko nyingi nilizoishi. Mavuno? Tulichelewa, na viazi vilikuwa vidogo kuliko vya jirani, lakini vilikuwa vingi. Tulikula, tukashiba, tukabakiza mbegu. Na watoto wale wawili, mpaka wanaota ndevu na wanaolewa, sikuwahi kuwaamsha kwa kwenda shamba.

Sasa nikueleze kwa nini hadithi hii imenirudia wiki hii. Masika yupo Beni, ana nyumba yake, upande wa Mavivi. Paluku ndiye huyu ninayekaa kwake hapa Butembo. Anapandisha na kushusha viazi na vitunguu, kutoka Masereka mpaka Beni, na simu yake ndiyo ofisi yake. Wateja wote wamo, na maagizo ya kazi nzima yamo ndani ya kile kidude.

Juzi alirudi kutoka safarini kwenye mvua, gari limekwama, ametoka hapo matope mpaka masikioni. Simu pia matope. Akaiweka kwenye kiti, akaenda kunawa. Mtoto wake Kasereka, ambaye ana miaka hiyo hiyo minne na tumbo lile lile, akaiona. Akachukua beseni. Akachukua sabuni. Ulishajua.

Paluku aliporudi, simu ilikuwa imelala chini ya povu, na mtoto anaisugua kwa brashi ya viatu, anaimba. Nikamwona mwanangu uso unabadilika. Nikamwona mkono unashuka kwenye mkanda. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu hiki, nikasema polepole tu:

"Paluku. Minyoo imerudi?"

Mkono ukasimama. Akanigeukia. Halafu akaanza kucheka, bwana, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya sabuni, mwanamume mzima mwenye mvi. Mke wake akatoka jikoni akidhani ni kichaa. Kasereka naye akacheka bila kujua sababu.

Alipotulia akafuta macho, akaniuliza, "Mais mama, biazi biliota. Hii simu je?"

Nikamwambia, "Simu haitaota. Mutoto ndiye anakuwa mukubwa."

Na kweli haikupona. Wakaiweka ndani ya mchele, wakaianika, wakampelekea fundi, ni bure. Imekufa na majina yake yote, na Paluku siku hizi anazunguka sokoni akitafuta wateja wake uso kwa uso. Ananung'unika, lakini kidogo. Jioni ile alimpakata Kasereka, akampa kitambaa kikavu, akamwonyesha jinsi ya kupangusa kitu kisichopenda maji. Jana asubuhi, kabla mtu yeyote hajaamka vizuri, tulimkuta mtoto amekaa mlangoni na kitambaa chake, anapangusa buti za baba yake zenye matope. Hapana mtu aliyemtuma.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo, nami nilipewa bure. Mtoto atakuharibia kitu, hilo halina dawa. Lakini kuna mtoto anayeharibu kwa ukaidi, na kuna anayeharibu kwa sababu alitaka kukupunguzia mzigo. Usiwaadhibu kwa fimbo moja. Kabla mkono haujapanda, uliza: nani alikutuma? Akijibu hakuna, shusha mkono, umfundishe. Wala usisubiri kwanza kuona kama kitu kitapona. Mimi viazi vyangu viliota, simu ya Paluku haikuota, na shauri ni lile lile. Hasira hasara, na hasara ya moyo wa mtoto haina soko la kununulia mwingine.

Mungu akupe watoto wenye mikono isiyongoja kutumwa, na wewe akupe mkono unaojua kusimama hewani. Mvua ikukute matuta yako yamekwisha, mbegu yako imechipua, na nyumba yako ina kelele za kucheka. Amina.

Na simu yako, mwanangu, naiona hapo sakafuni. Iweke juu.