Bastola ya Shemegi Amur

Unguja, Sleyum alikuwa fundi saa. Alipofika Matrah, Omani, mwaka wa sitini na nne na kibegi chake cha bisibisi, akakuta wenye saa wanahesabika, lakini bunduki kila nyumba inayo. Basi akawa fundi bunduki. Kazi aliijua vizuri, ila neno lake hawakulishika. "Nyie wa Unguja mnajua karafuu!" walimtania, huku wanamwachia bunduki zao.

Mwaka wa tatu, asubuhi ya harusi, akaja shemegi yake Amur, mume wa dada yake Kheiria. Mkononi ana bastola kubwa kama guu la mbuzi. Ilikuwa bunduki ya zamani, ikakatwa mtutu na kitako hata ikashikika kwa mkono mmoja, na bado inakula risasi zile zile ndefu za bunduki.

"Nikazie hiki kifyatulio tu, shemegi. Alasiri nna zamu yangu."

Bibi harusi alikuwa binti wa kaka yake Amur. Upande wa bwana harusi ukija unapiga risasi hewani, ami wa bibi harusi lazima ajibu, na kwa silaha yake mwenyewe.

Sleyum akaigeuza juani. Pale inapokaa risasi pana ufa, mwembamba kama unywele.

"Hii itapasuka. Risasi ya bunduki ina baruti nyingi, na chuma chenyewe kishachoka. Itakukata mkono, Amur."

"Mara tatu nishaipiga. Vidole hivi hapa, hesabu!"

"Chukua bunduki yangu basi."

"Wallahi wataniuliza yangu iko wapi. Niwambie nini, Mzinjibari kanikataza?"

Akaiacha, akenda zake. Sleyum akakimbilia kwa dada yake.

"Kaka, mie nna kauli gani kwenye silaha za wanaume?" akasema Kheiria, macho yamemjaa machozi.

Akafikiria kuificha. Lakini silaha ya mtu ni amana, na fundi atakayeizuia siku ya harusi, nani atampa tena? Akairudisha. Kifyatulio hakukikaza, aliomba Mungu kigome.

Alasiri wanaume wakajipanga safu mbili uwanjani, ngoma inalia, wanajibizana kwa mashairi. Wageni wakapiga. Amur akatoka mbele, mkono juu.

"Amur!" Sleyum akapiga ukelele. Ngoma ikaumeza.

Kifyatulio hakikugoma. Moshi ulipopungua, Amur alikuwa amechutama, vidole viwili havipo.

Wakamfunga mkono kwa kilemba. Mzee Mahfoudh, ami wa bwana harusi, akakiokota kipande cha chuma, akauliza, "Fundi, hii ilikuwa na nini?"

Amur akamvuta Sleyum kanzu. "Sema risasi, shemegi," akamnong'oneza, meno yanagongana. "Usinifedheheshe mbele ya wageni."

Safu zote mbili zinamtazama. Damu inapenya kilemba.

"Risasi," Sleyum akasema. "Ilikuwa mbovu."

"Alhamdulillahi!" Mzee Mahfoudh akachomoa yake kiunoni, pacha wa ile ya Amur, zote mbili kazikata fundi mmoja. "Tulidhani chuma."

"Ami, hiyo nayo usi..."

"Ushasema, fundi. Mpelekeni huyu hospitali."

Akarudi kwenye safu yake, anatia risasi.