Picha za Chumba cha Ndani

Harusi ikiwepo Tandika, anayeitwa kupiga picha chumba cha ndani ni Zubeda. Wapiga picha wanaume wapo tele, wenye kamera kubwa kuliko yake, lakini wao mwisho wao ukumbini. Kule anakosingwa bibi harusi, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi na mashangazi wanakata viuno bila haya, anatakiwa mwanamke, tena mwenye kifua cha kuweka siri. Hakosi mmoja wa kumshika mkono: "Zubeda, hizi zisitoke nje." Naye hujibu, "Zikitoka, mje mniulize mie."

Miaka yote ya kazi yake picha zilikuwa zimelala kwenye eksteno moja, kidude cheusi cha kuhifadhia mafaili, alichokiviringisha kwenye kipande cha kanga na kukiweka kabatini. Asubuhi moja alikichomeka kwenye kompyuta, kikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa bati. Kompyuta ikaganda.

Zubeda akampigia mwanawe Jamali, fundi simu wa Sinza.

"Mama, kichomoe. Usikiguse mpaka nifike."

Jamali alipofika, ushauri wake ulikuwa mwepesi. "Tuzipandishe mtandaoni tu. Hata nyumba ikiungua, picha zipo."

"Zitakaa kwa nani huko?"

"Kwenye kampuni, mama. Zinafungwa na neno la siri."

"Wale wanawake niliwaambia zitakaa kwangu. Sikuwaambia zitakaa kwenye kampuni."

Jamali alitaka kucheka. Akamtazama mama yake usoni, akaacha. Akatoka, akarudi na eksteno mbili mpya, na mama mtu alipokuwa anaandika neno lake la siri, yeye akageukia ukutani. Wakakubaliana moja ikae Tandika, ya pili ipelekwe Mbweni kwa Najat, shoga yake Zubeda tangu shuleni. Maji yakiingia huku, alisema Jamali, hayawezi kufika kule.

"Hamisha folda moja moja," akamwelekeza. "Kila ikifika, fungua picha uhakikishe ni nzima. Kikianza kugonga, kipumzishe." Kisha akaenda kukaa barazani, mgongo ameupa mlango. "Ukikwama, niite."

Basi Zubeda akakaa na maharusi wake. Wengine sasa wana watoto wa sekondari, wengine waliachika wakaolewa tena, naye akawapiga picha tena. Alimwona marehemu shangazi yake amejifunga kibwebwe, akacheka peke yake hadi Jamali akauliza kuna nini. "Hayakuhusu," alimjibu.

Alipofika kwenye folda ya Shadya, kile kidude kikagonga.

Shadya alikuwa binti pekee wa Bi Zuena, wa mtaa wa pili. Aliolewa, akaumwa, akafariki ndoa yake ingali changa. Baada ya arobaini Zubeda aliuliza azipeleke wapi picha zile, akaletewa jibu: "Mwambieni asinionyeshe." Tangu hapo hakuzitaja tena.

"Jamali! Hii haifunguki."

"Iache kwanza, mama. Tuokoe zile nzima, hiyo tuirudie mwisho."

Alitii, lakini ilimuuma, kama mtu anayewaingiza watoto ndani mvua ikinyesha, halafu mmoja akambakiza nje.

Aliporudi kwenye ile folda, Jamali angali barazani, picha nyingi hazikufunguka kabisa. Nyingine zilifunguka nusu, juu uso, chini kijivu kitupu. Chache tu zilikuwa kamili. Alipomaliza kuzihamisha, kidude kikagonga kidogo, kikazima, na hakikuwaka tena.

Alasiri ya siku iliyofuata Zubeda alikwenda kwa Bi Zuena, akamkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama Shadya."

Jina lilimtoka kabla hajalizuia. Mtaa mzima ulishaacha kumwita hivyo, wakidhani wanampunguzia uchungu.

"Marahaba," alijibu Bi Zuena taratibu. "Siku nyingi sijaitwa hivyo. Kaa."

"Sikuja kukuonyesha kitu, mama yangu. Nimekuja kukwambia tu kwamba picha zake nusura zipotee. Zimebaki chache, ziko salama. Niliona si vizuri nikae nalo peke yangu."

Bi Zuena aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine.

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Zilete."

Zubeda alirudi na kompyuta, akaifungua juu ya kigoda. Shadya alikuwa ameinua mikono yote miwili, hina bado mbichi, kinywa wazi kwa kicheko, na mama yake mbele yake ameshika kijiko.

"Nilikuwa namlisha biriani," Bi Zuena alisema. "Hina haijakauka, hawezi kushika kitu. Akaniambia, 'Mama, ningeolewa kila siku ili unilishe.' Nikamwambia, 'Una kichaa wewe!'"

Akacheka, kisha akauinamia ungo wa mchele, akalia. Zubeda akausogeza ungo pembeni, akamkumbatia. Walikaa hivyo hadi jua likahama ukutani.

"Zipo nyingine," Zubeda alisema baadaye, "ila zimeharibika. Nusu tu ndiyo inaonekana."

"Nusu gani?"

"Ya juu. Uso."

"Basi na hizo nazitaka. Uso ukiwepo, yupo."

Zubeda alizichapisha mwenyewe, kwenye mashine yake ya nyumbani, mlango umefungwa. Eksteno ya pili aliipeleka Mbweni kwa mkono wake, na Najat akaifungia sandukuni bila kuuliza ina nini. Bi Zuena hakuzitundika picha zake sebuleni, wanakoingia wageni wanaume, maana mtoto alikuwa kichwa wazi. Alizibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Kila asubuhi, akifungua kuchukua kanga, wanaonana.