Nivo Mpya ya Shefu

Kazi yangu katika karakana ya kiwanda kimoja hapa Likasi ilikuwa kutunza vipimo. Nilichokiogopa kuliko vyote ni nivo, yaani pimamaji ya mafundi mashine: bapa la chuma lenye kibomba cha kioo, na ndani yake kiputo cha hewa. Ukiishika muda mrefu, joto la kiganja peke yake linakisogeza kiputo.

Aliyenifundisha kuikagua ni fundi mzee aliyefunga karibu pampu zote za kiwanda. Unailaza juu ya meza ya jiwe, unasubiri itulie, unasoma. Kisha unaigeuza, kichwa kije mkiani, mahali palepale, unasoma tena. Kiputo kikikimbilia upande mwingine, nivo inadanganya. Lakini kabla ya kugusa skrubu ya kuirekebisha, unaandika ulichokikuta.

Siku mzee alipomaliza kulaza kitako cha pampu mpya, shefu wa karakana alikuja na nivo aliyoitoa kwenye sanduku asubuhi ileile. Akaiweka, akatikisa kichwa.

"Umeikosa, Papa. Upande huu iko chini."

"Geuza kwanza ile nivo, shefu."

"Nigeuze nini? Iko mupya, iko na cheti. Ya kwako iko muzee sawa weye!"

Karakana nzima ikacheka. Nami nilicheka. Mzee akaingiza vipande vya bati chini ya kitako mpaka nivo ya shefu ikaridhika.

Haukupita mwezi, pampu ikaanza kutetemeka, ikaunguza beringi. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache apate pensheni. Shefu aliripoti kwamba kitako kililazwa vibaya.

Asubuhi ya kikao cha kuamua kesi ya mzee nilitumwa kuikagua nivo ile ya shefu. Nilikuwa peke yangu. Kiputo kilikwenda mistari mitano upande wa dirisha. Nilipoigeuza, kikaenda mitano upande wa mlango. Furaha ilinijaa. Nikakamata ufunguo wa skrubu, nikaikaza, nikageuza, nikakaza tena, mpaka kiputo kikatulia katikati pande zote mbili. Ndipo nikafungua daftari. Sikuwa na cha kuandika: kosa nililolikuta nilikuwa nimeshalifuta.

Wakubwa wa kikao wakaipeleka nivo kwenye kitako. Sasa ilisema kweli: kitako kimeinama mistari mitano. Nikaeleza nilichokiona.

"Uliandika wapi?" shefu akauliza.

"Nilitengeneza kwanza."

"Basi andika vile iko leo."

Niliandika kwamba nivo ni nzima, nikatia sahihi. Mzee akaachishwa kazi kabla ya saa sita mchana.

Alinisubiri getini, ameshika baiskeli.

"Ilikuwa ngapi?"

"Tano, Papa."

"Tano." Akafikiri kidogo. "Miye nilizania ine, haiko tano."

Akapanda baiskeli, akateremka kuelekea mjini.