Lusekelo Aliyekataa Kufiwa

"Nani kawatuma mtoe makochi yangu nje?" Lusekelo aliuliza mlangoni, koti hata hajavua. "Na wewe, dada, uliniona nalia?"

Dada ni mimi. Tulipanga nyumba pamoja Langley Park, huku ughaibuni, na makochi nilikuwa nimeyatoa mimi. Sebuleni mikeka ilijaa wanawake wenye kanga kichwani, na Wamaitha, jirani yetu Mkenya, keshabandika chai ya watu thelathini.

Chanzo kilikuwa simu. Alfajiri kaka yake Lusekelo, Gwakisa, alipiga kutoka Mbeya. Ulikuwa mwaka wa zile mvua za Elnino. Mwanamume mzima analia: mto umejaa, nyumba ya mama kule Kyela imekwenda yote, na mama... Hapo simu ikakatika. Iliyobaki nikaimalizia mwenyewe. Kwetu mtu hapigiwi simu kazini akaambiwa amefiwa. Watu hukusanyika kwanza, akirudi akute mikeka, aelewe. Nilifanya nilivyolelewa, tena haraka.

Nikamweleza. Akaushika mlango. Lakini mkekani hakukaa. Akasema Gwakisa hulia hata mbuzi akipotea, na kwamba mimi nimesikia upepo nikasema mvua.

Wamaitha akaninong'oneza kuwa msiba umempanda kichwani, tumlaze. Mimi nilijua maneno hayo ya upepo na mvua yanatoka wapi.

Lusekelo alifika nchi hii kuosha vyombo hotelini, akaishia kutunza wazee. Usiku alikuwa kwa Mzee Tang huko Annandale, Mchina, mwalimu mstaafu mwenye miguu mibovu. Miguu ilistaafu, ualimu haukustaafu. Kila wiki alimpa msemo wa kwao wa upepo na mvua, naye Lusekelo alipe kwa methali ya kwetu. Mzee aliandika nyuma ya kalenda. "Tengeneza dirisha kabla ya mvua," yaani jiandae mapema. Lusekelo akalipa kwa usipoziba ufa utajenga ukuta. "Mtumbwi mmoja katika upepo na mvua," yaani wenzio ni wale wa shida moja. Akalipa kwa umoja ni nguvu, ile ya ubaoni darasa la pili. "Mji mzima upepo na mvua," yaani umbea umeenea kila nyumba. Akalipa kwa lisemwalo lipo. Kisha ukaja huo wa kusikia upepo ukasema mvua, yaani kupewa tetesi ukaifanya habari kamili. Huo ulimshinda. Wiki ya tatu sasa alikuwa anadaiwa, na mzee kila jioni anamkumbusha.

Basi Lusekelo akaketi sakafuni karibu na simu, akakwangua kadi ya simu, akapiga misheni ya Kyela, iliyo karibu na kwa mama. Haikuita. Akapiga tena. Chai ikapoa. Nilitazama kidole chake kikibonyeza namba, nikamwomba Mungu niwe mjinga. Sijawahi kuomba hivyo, na sidhani kama nitarudia.

Mara ya tano mtawa akapokea. Akasema ngoja. Tukangoja, kadi inaliwa. Halafu Lusekelo akaanza kuongea Kinyakyusa kwa kasi, akacheka, akalia huku anacheka, akanikabidhi simu.

"Ni wewe uliyenitandikia mikeka?" sauti ya mama yake ikauliza. "Nyumba imekwenda, mwanangu, na kuku wangu sita. Mimi nipo. Waambie wanywe chai."

Tukanywa. Wamaitha akasema chai ya msiba na chai ya uzima sukari yake ni moja, akaenda kukanda chapati. Makochi yalirudi ndani, na upande mzito nilibeba mimi; Lusekelo alisimama akinielekeza kama mnyapara.

Jumatatu akanivuta mpaka Annandale. Nilimsimulia Mzee Tang mwenyewe, sikuficha kitu, hata sala ya kuomba ujinga. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akainyoosha kalenda magotini, akamtazama Lusekelo juu ya miwani.

Lusekelo akakiri: methali bado hana.

Mzee akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya deni.

"Limelipwa," akasema. "Methali ningeisahau." Akanielekezea kalamu. "Huyu sitamsahau."