Mgema aliyeitwika miti lawama zake

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijaanza kukausha magome. Mwanamke mmoja anapita katikati ya mistari ya miti ya mpira bila kisu. Mkono wake wa kulia unajifumba na kujifumbua wenyewe, kama vile bado umeshika kitu. Begani ana gunia la vikombe vya kukingia utomvu vinavyosubiri kuoshwa.

"Miaka kumi na saba nilipita hapa nikikata," anasema. "Sasa napita nikiokota."

Wenzake humwita Mkono Mwepesi. Ana miaka arobaini na tisa, na hadi mwaka jana hapakuwa na mgema katika kituo hiki cha utafiti aliyechanja gome kwa ustadi kama wake. Chale yake ilishuka mshazari, ikagusa mirija ya utomvu, ikakomea hapo bila kuujeruhi mti ndani. Ndiyo maana alikabidhiwa mistari minne ya majaribio: miti 212 yenye mkanda wa rangi ya bluu.

Yote ni ya damu moja. Ilibebeshwa vikonyo, yaani ilipandikizwa vichipukizi, vya mti mama mmoja, hivyo kila mti ni nakala ya mwenzake. Watafiti walitaka kujua kama ukoo huo unahimili ukame na kisu, ili miche yake igawiwe wakulima. Walisubiri miaka sita mpaka mashina yakanenepa vya kutosha kugemwa.

Masharti yalikuwa mawili tu. Kisu, kila siku ya tatu. Dawa ya kuchochea utomvu, mara moja kwa mwezi, ipakwe kwa brashi, nyembamba kama mafuta ya midomo.

Mistari ya jirani, yenye mkanda mweupe, ilikuwa ya wifi yake. Msimu huo ndoo za wifi zilijaa kuliko zake. Siku moja kwenye banda la kukusanyia, wifi akapaza sauti mbele za watu: "Wifi, huo mkono mwepesi mwaka huu umekuwa mkono mtupu?"

Banda zima likaangua kicheko. Naye akacheka.

"Nilicheka kwa meno tu," anasema. "Moyoni palikuwa panawaka moto."

Wiki ileile alipaka dawa mara ya pili. Kisha akawa anapaka kila wiki. Ndoo nne zikawa saba. Mkuu wa kituo akamsimamisha mkutanoni, akapigiwa makofi.

"Si mnaujua ule msemo wa mgema akisifiwa?" anauliza, macho kwenye gunia la vikombe. "Mie sikutia maji. Afadhali ningetia maji."

Mpira ukikatwa hautoi zawadi. Unafunga kidonda. Utomvu ndio bendeji yake, na kila kikombe kinachotoka lazima mti ukitengeneze upya kutoka kwenye maji na chakula chake. Dawa huizuia mirija isizibe mapema. Ikizidi, mti unavuja kuliko unavyoweza kurudisha, mpaka mirija yenyewe inachoka na kufa.

Mwezi wa saba, chale zikaanza kutoa unyevu wa kahawia. Kisha hazikutoa kitu.

Mtafiti anayesimamia majaribio alikuja na daftari lake. "Mama, kuna siku yoyote dawa ilizidi?"

"Hapana, mwanangu. Nimefuata kama mlivyoniambia."

Jibu hilo fupi ndilo linalomfanya leo avute mtandio hadi kwenye nyusi kila anapopita hapa. Kwa kuliamini, watafiti wakaandika kwamba ukoo wa bluu una udhaifu wa kurithi. Miti ing'olewe, na kitalu cha vikonyo vyake kichomwe moto. Mashina yakachorwa alama nyekundu.

Kwa wiki tano alipita kwenye alama hizo akinyamaza. Kilichomshinda, anasema, ni neno ukoo.

"Nilipofeli shule, mjomba alisema ukoo wa baba yangu hauna akili. Hakuuliza ni nani aliyekuwa akiniamsha saa tisa nikachote maji, darasani nikasinzia. Nikaona, kumbe na mimi nimekuwa mjomba."

Siku moja kabla ya mashine ya kung'olea miti kuletwa, alimfuata mtafiti ofisini, akakataa kiti.

"Miti haina kosa. Niliipaka kila wiki."

Mtafiti alifunga daftari taratibu. "Mama, miaka sita."

"Najua, baba."

"Nitaaminije safari hii?"

Akampeleka kwenye mti wa mwisho wa mstari wa nne, wenye kiota cha sisimizi wekundu wakali, wale wanaoitwa maji moto. Kwa kuwaogopa, alikuwa akiukata haraka na kukimbia; dawa ya ziada haukuipata hata tone. Daftarini ulikuwa umeandikwa kuwa kosa la vipimo, kwa sababu ndio pekee uliokuwa bado unatoa utomvu. Mtafiti akauchanja mwenyewe, akiumwa na sisimizi hao shingoni. Ukachuruzika utomvu mweupe pepe.

Mashine haikuja. Kitalu hakikuchomwa. Lakini vipimo vya mwaka mzima vilifutwa, naye akanyang'anywa kisu, akapelekwa kuosha vikombe. Halalamiki.

Wifi ndiye aliyelalamika. "Kumbe mimi ndiye niliyekuchokoza? Si ungenitukana tu, wifi yangu, tukamaliza!" Siku hiyo, anasema, walicheka mpaka wakalia, na kilio kikapita kicheko.

Miti ya bluu imepewa mapumziko ya miezi kumi na minane. Muda huo ukiisha, itachanjwa upande wa pili, ambao haujawahi kuguswa. Kisu atashika wifi.

Mkono Mwepesi hakuomba arudishiwe kazi. Ameomba jambo moja: siku hiyo, kikombe cha mti wa kwanza akifunge yeye. Tayari amekichagua, amekisugua kwa majivu na kukiweka kando ya vingine.

"Kikikaa kikavu, hiyo ni kazi ya mkono wangu," anasema. "Kikijaa, hiyo ni damu ya miti yenyewe."